Dizeli Haina Plagi

Mliniacha nimemkalia shemeji yangu kifuani, spana kubwa mkononi, damu ya pua yake imenirukia hadi shingoni. Leo naanzia hapo hapo juu ya kifua chake, kwa sababu sikuwa na haraka ya kushuka.

Kwa msomaji mgeni nitasema machache. Mimi ni Kasiati, mjane wa Mujiat. Mume wangu alikuwa na Landkruza ya zamani ya rangi ya machungwa, akipeleka wageni kuutazama mlima wetu wa moto, Bromo. Siku moja injini yake ya petroli ilimzimikia katikati ya mwinuko wa kutokea Bahari ya Mchanga, ule uwanda wa majivu chini ya mlima, breki zikakataa, gari likarudi kinyumenyume hadi korongoni. Mujiat alitokea kioo cha mbele na hakuamka tena. Gari lilitoka na mikunjo tu.

Nililivuta korongoni, nikalinyoosha, nikaing'oa ile injini iliyoniulia mume. Fundi Rokim akanipachikia injini ya dizeli, aliyoitoa kwenye lori la kabeji lililooza bodi.

Madereva walikuwa wameshakata shauri. Gari likiwaka kabla ya Kasada, sikukuu yetu ya kuutolea mlima sadaka, nami mwenyewe nikiwa kwenye usukani, nafasi ya Mujiat kwenye zamu ya wageni inabaki yangu. Lisipowaka, nafasi inakwenda kwa mdogo wake, Sukarji. Bila nafasi kwenye zamu, Landkruza ni banda la kuku. Sina shamba, sina duka, na nina binti wa kusomesha.

Kasada ilikuwa wiki ile ile. Na mchana ule nikamkuta Sukarji amelala chali chini ya gari langu gerejini.

Pembeni yake palikuwa na beseni lenye oili. Alikuwa amefungua nati ya chini ya injini na oili inachuruzika. Hata mtoto wa dereva anajua maana yake: injini isiyo na oili hujisaga yenyewe mara tu inapowashwa. Nilimvuta kwa vifundo vya miguu, kichwa chake kikagonga ekseli, akatoka nje na tusi mdomoni. Hakulimaliza, spana ilimfika puani.

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Naangalia tu, shemeji."

"Unaangalia kwa spana?"

Nikampiga la pili. Sukarji ni mrefu na mimi ni mfupi, lakini nimebeba magunia ya kabeji mgongoni tangu sijaota matiti. Alijaribu kunisukuma, nikamkandamiza koo kwa goti.

"Umeshindwa kungoja nishindwe mwenyewe, umeamua kunisaidia?"

"Kasiati, nisikilize..."

"Nani kakutuma?"

Hapo macho yake yalikimbia. Niliyaona. Yalikwenda mlangoni, yakarudi, akafumba mdomo. Nikadhani hiyo ndiyo hatia, nikamshushia la tatu begani. Mfupa ukalia, naye akalia.

Mtu akanikamata nywele kwa nyuma. Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Ngatini. Alinivuta hadi nikaanguka, akanizaba kofi, akanizaba jingine.

"Mmoja nimezika! Unataka kunimalizia na huyu?"

"Mama, mwanao anamwaga oili ya injini! Tazama beseni!"

Akalitazama beseni. Mama Ngatini ni mwanamke anayegombana hata na mvua, lakini pale ulimi ulimkauka. Alimtazama Sukarji, akalitazama beseni tena, akaweka kiganja mdomoni.

Majirani walijaa, wakamwinua Sukarji. Akatema jino kwenye changarawe.

"Nilikuwa naangalia tu," akasema tena, kama mtu aliyekariri.

"Nenda kaangalie kwenu," nikamwambia. "Na ukirudi hapa, uje na jeneza lako kabisa."

Walipomwondoa, niliikaza ile nati kwa nguvu zangu zote. Kisha nikachukua kitambaa changu cha kichwa, nikaichuja oili ya beseni, nikairudisha yote kwenye injini. Yote. Hata lile tone la mwisho nililikung'uta. Mama mkwe alisimama pale pale akinitazama, kiganja bado kiko mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Usilie, Mama," nikamwambia. "Hakuna kilichoharibika."

Mimi ndiye niliyemliwaza. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi silisahau.

Sikuondoka tena pale gereji. Nililala kwenye mkeka ubavuni mwa gari, spana chini ya shingo.

Asubuhi fundi Rokim akapanda na pikipiki yake kutoka tambarare. Alikuwa amekwenda kutafuta waya wa kuzimia, kwa sababu injini kama ile haizimwi kwa ufunguo. Unavuta waya, dizeli inakatika, injini inakufa. Rokim ni mtu wa bondeni, mdomo wake hauna breki.

"Nimesikia umefungua zahanati," akasema. "Unang'oa meno kwa spana."

"Nafasi ipo, fundi. Fungua mdomo."

Akacheka, akafunga waya wake, akaufikisha hadi kwenye dashibodi. Kisha akanionyesha feni.

"Hii injini ni ndefu kuliko ile ya petroli. Imebidi radieta isogee mbele, na kava ya feni haikuingia. Feni iko wazi. Nyinyi watu wa mlimani mna tabia ya kujifunga saruni shingoni kwa baridi. Mwambie kila mtu: ukikaribia hapa, vua. Feni haina adabu, haijui mtu na nguo."

"Nitawaambia."

"Haya, sasa tuiwashe tuisikie."

"Haiwashwi!"

Aliyesema ni kuhani wetu, Mzee Wagiman. Alikuwa ameshafika na kitambaa cha manjano. Alikitandaza juu ya boneti na kukifunga ncha zote, na kikishafungwa hakifunguliwi na mtu mpaka sadaka iishe.

Kwetu injini iliyotoka gari jingine ni kama mgeni aliyehamia nyumba asiyoijua. Haiamshwi mpaka ipewe chakula na iambiwe hapa ni kwa nani. Mara ya kwanza kunguruma lazima iwe mbele ya sadaka.

"Mzee," Rokim akasema, "injini inajaribiwa kwanza. Ikiwa na ugonjwa, tuujue tukiwa wawili watatu, siyo mbele ya kadamnasi. Nimewasha injini maisha yangu yote, sijaona hata moja iliyoomba wali."

"Na ngapi zimeua?"

Kila mtu pale alijua kwamba Mujiat, mara ya mwisho alipoifumua na kuiunga upya ile ya petroli, aliiwasha bila sadaka kwa sababu wageni walikuwa wanamngoja.

Fundi akanigeukia mimi. "Gari ni lako, dada. Unasemaje?"

Nikakitazama kile kitambaa cha manjano. Nilikuwa nimeshazika mume kwa ubishi wake.

"Tutangoja sadaka," nikasema.

"Angalau oili umeipima?"

"Nimerudisha ile ile iliyotolewa. Nipime nini?"

Akatikisa kichwa. Boneti ilikuwa imeshafungwa, na mtu wa bondeni hafungui alichofunga kuhani.

Sadaka ilifanyika asubuhi ile ile, kabla jua halijawa kali. Madereva wote walikuwa wameshateremka na wageni, kijiji hakina gari hata moja. Walibaki wazee na wanawake, na mwenyekiti wa madereva alikuwa amemwachia Mzee Wagiman kazi ya kushuhudia. Tuliweka meza mbele ya gari: wali, ndizi, kuku mzima wa kuchoma, maua, ubani unafuka. Mama mkwe alisimama mbali, karibu na mlango. Hakutaka kukaa.

Sukarji naye alikuja. Jicho moja limefumba, mdomo umevimba, mkono wa kushoto umening'inia kwenye kitambaa, saruni yake shingoni. Watu wakaanza kunong'ona.

"Umekuja na jeneza?" nikamuuliza.

"Shemeji, pima oili kwanza."

"Pima midomo yako kwanza. Imezidi kipimo."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sukarji hakucheka. Akasogea karibu na bampa.

"Kwa jina la kaka, Kasiati. Pima oili."

"Usilitaje jina la mume wangu kwa mdomo huo! Mzee, mwondoeni huyu mtu."

Mzee Wagiman akamwashiria arudi nyuma, akarudi hatua chache. Kuhani akanyunyiza maji, akamweleza yule mgeni wa chuma kwamba yuko kwa Mujiat bin Karsadi, aliyefariki, na mshika usukani ni mkewe. Machozi yalinitoka, sitaki kudanganya. Nikapanda. Nikakaa pale alipokuwa akikaa Mujiat. Kiti kilikuwa bado kina bonde la makalio yake.

Nikageuza ufunguo.

Injini ikakohoa, ikatoa wingu jeusi, ikashika. Dug-dug-dug, nzito, tulivu, chuma kinaongea na chuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Rokim akaruka kama kafunga goli. Mzee Wagiman akanyoosha mikono juu. Nami nikapiga usukani kwa viganja nikisema, "Liko hai! Mujiat, liko hai!"

Nikamtafuta mama mkwe kwa macho nione kama anafurahi. Alikuwa amefumba macho.

Kisha sauti ikaanza kupanda.

Mguu wangu haukuwa kwenye mafuta. Nilitazama chini kuhakikisha. Sauti ikapanda, ikapanda, dug-dug ikawa mngurumo, mngurumo ukawa mlio. Moshi mweupe ukajaza gereji. Gari zima likatetemeka hadi vioo vikalia.

"Zima!" Rokim akapiga kelele. "Vuta waya!"

Nikavuta waya. Haikuzima. Nikavuta hadi waya ukatoka wote mkononi. Ikazidi. Nikang'oa ufunguo, nikauona ufunguo uko kiganjani mwangu na injini inapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa.

"Inakula oili yake!" Rokim alikuwa analia sasa. "Itapasuka! Tokeni! Tokeni nje!"

Watu wakakimbia, wakagongana, bibi mmoja akakanyagwa. Nilikumbuka Mujiat alivyokuwa akisema: gari likikushinda, litie gia kubwa ukiwa umekanyaga breki, litajinyonga lenyewe. Nikakanyaga breki kwa mguu mzima, nikatia gia ya juu, nikaachia klachi.

Halikujinyonga. Liliruka.

Meza ya sadaka ikapasuka, wali ukaruka hadi kwenye kioo, kuku akapita juu ya boneti kana kwamba amefufuka. Mzee Wagiman alijitupa pembeni. Nikaipanda pikipiki ya Rokim, nikaisikia ikisagika chini yangu, kisha bampa likaugonga ukuta wa magunia ya kabeji na kipaji changu kikaugonga usukani. Damu ikaniingia machoni. Gia ikachomoka. Injini ikaendelea kupiga kelele, na sasa niliona cheche zikitoka kwenye ekzosi.

Nilijaribu kufungua mlango, ulikuwa umebanwa na magunia. Nikajua nitafia pale alipokaa mume wangu.

Ndipo nikamwona Sukarji.

Alikuwa anakuja wakati wote wanakwenda. Akakirarua kitambaa cha kuhani kwa meno na mkono mmoja ule mzima, akafungua vibano vya boneti, akaitupa juu. Akaivua saruni shingoni, akaikunja, akaishindilia kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Mlio ukakwama. Ukapungua. Injini ikaanza kuzimia, inavuta pumzi na pumzi haipo.

Nikamwona anatabasamu kwa ule mdomo niliouvimbisha mimi.

Lakini saruni ni ndefu. Ncha yake ilining'inia, na feni haikuwa na kava. Feni ikaila ncha, ikaivuta, na mkono wa Sukarji ulikuwa bado umejisokota ndani ya kitambaa. Niliona bega lake likienda mbele ghafla kama mtu aliyevutwa na mtu mwingine aliye ndani. Nilisikia sauti ambayo sitaiandika.

Injini ikafa. Nusu ya saruni ilikuwa bombani, nusu kwenye feni, na kati yake mkono wa mtu.

Kimya kikawa kikubwa hata nikasikia ubani ukiungua chini.

Rokim ndiye aliyekata kitambaa kwa kisu. Mkono ulipotoka haukuwa mkono. Vidole viwili vilibaki kwenye mapezi ya radieta. Rokim alimfunga juu ya kiwiko kwa mpira wa tyubu, akakaza kwa bisibisi, akakaza tena, na bado damu ilikuwa inaruka. Nilitokea dirishani, nikaanguka, nikatambaa hadi kwake.

"Shemeji," akasema Sukarji. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Nilikwambia upime oili."

Rokim akachomoa kijiti cha kupimia. Akakitazama, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa imepita alama hadi katikati ya kijiti, na hiyo ni baada ya injini kuinywa vile.

"Nani kaongeza oili humu? Niliijaza mwenyewe, ikasimama kwenye alama!"

"Mimi nilirudisha tu aliyoimwaga huyu."

"Dada," Rokim akasema taratibu, "huyu alikuwa anamwaga iliyozidi."

Hasira hasara, tunawaambia watoto. Sisi wenyewe tunalisema kama wimbo, hatulisikii.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza Sukarji. Nilikuwa namtikisa, mpaka Rokim akanisukuma. "Nilikuwa nakuvunja mifupa, kwa nini hukusema?"

Macho yake yalikwenda pale pale yalipokwenda jana. Mlangoni. Safari hii nikayafuata.

Mama Ngatini alikuwa amepiga magoti.

"Nilitaka lisiwake," akasema. "Mujiat alikuwa anasema ukizidisha oili, plagi zinalowa, gari haliwaki. Nikamimina galoni. Lisiwake tu! Sukarji alinifuma natoka, nikamwapisha asiseme."

"Mama," Rokim akasema, "dizeli haina plagi. Ile ilikuwa injini ya petroli. Hii ukiizidishia oili inaivuta kwenye hewa na kuichoma, na ukiikatia dizeli inaendelea na oili."

"Mimi nitajuaje? Maisha yetu yote ni petroli!" Akanigeukia, uso umelowa. "Nilitaka ukae nyumbani, mwanangu. Usipande ule mwinuko. Upoteze nafasi, ulime vitunguu vya watu, uzeeke, unizike wewe. Mimi nimechoka kuzika."

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki niliiokota wapi. Niliinua mkono, na watu wote waliona, na Mama Ngatini hakukinga kichwa. Alikiinamisha.

Nilimchukia. Wallahi nilimchukia kuliko injini iliyoniulia mume. Lakini mkono ule ulioinuka ulikuwa na oili hadi kwenye kiwiko, oili ya jana, ya beseni. Yeye aliimimina mara moja, kwa kutojua. Mimi niliimimina mara ya pili, nikiwa nimemlaza chini mtu pekee aliyejua.

Nikaitupa spana.

"Na wewe," nikamwambia Sukarji, "gari lisipowaka nafasi ni yako. Ulihangaika la nini?"

"Nilitaka ushindwe," akasema, na akajaribu kucheka. "Kwa kushindwa na mwinuko. Mbele za watu. Siyo kwa hila za mama yangu."

Kisha macho yake yakageuka meupe.

"Mpira hautazuia," Rokim akasema. "Huyu anataka hospitali. Sasa hivi, siyo baadaye."

Tukatazamana. Njia ya chini ilikuwa imezikwa na maporomoko tangu mvua za mwezi uliopita, inapenya pikipiki tu. Madereva wako na wageni, na simu zao huko mchangani hazishiki. Pikipiki ya Rokim nilikuwa nimeigeuza chapati. Palibaki gari moja tu, na njia moja tu: Bahari ya Mchanga, kisha ule mwinuko.

"Litawaka?" nikamwuliza Rokim.

Alikuwa ameshaingia chini. Oili iliyozidi ikamwagika kwenye beseni lile lile. Akatoka, akaitoa saruni bombani kipande kwa kipande, akaukagua ukanda, akaipapasa radieta.

"Radieta imevumilia. Feni imepinda kidogo. Injini... dada, injini hiyo nimeitoa kwenye lori la kabeji, imezoea mateso." Akafuta jasho, akaacha damu ya Sukarji kwenye kipaji chake. "Lakini bombani kuna oili imeganda ambayo siwezi kuitoa bila kufungua kila kitu. Ukiwasha, itaila hiyo kwanza. Sauti itapanda yenyewe. Ikipanda kisha ikashuka, nenda, usitazame nyuma. Ikipanda isishuke, ruka, na tumtoe huyu haraka."

"Na ikinigeuka katikati ya mwinuko?"

Rokim akaenda kumshika Sukarji mabega.

Tulimpakia Sukarji nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Rokim. Wanawake waliondoa magunia, wakalisukuma gari kinyumenyume hadi likaelekea njiani. Nilipokuwa napanda, Sukarji alifungua jicho lake moja.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu aliye mbali. "Pima oili kwanza."

Nikashuka. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa gauni langu, nikakirudisha, nikakitoa. Nikakishika kwa mikono yote miwili, nikakisogeza machoni. Oili ilikuwa kwenye alama.

"Imesimama sawa," nikamwambia.

"Sasa ndiyo."

Nikafunga boneti, nikapanda, nikashika ufunguo. Kupitia kioo kilichojaa wali niliona watu wanaachia njia. Isipokuwa mmoja.

Mama Ngatini alitembea hadi mbele ya gari, akajilaza chini, kifudifudi, shingo yake sawasawa na gurudumu la kulia.

"Mama, ondoka!"

"Sikuzaa wa tatu," akasema huku uso uko mchangani. "Ule mwinuko umekula mmoja. Ukitaka kumpeleka huyu, anzia kwangu."

"Atakufa hapa, Mama! Damu inamwishia!"

"Atafia nyumbani. Siyo kule."

Mzee Wagiman akamkamata miguu, akapigwa teke la kifua, akakaa chini. Mwanamke mwingine akamvuta mkono, Mama Ngatini akamng'ata hadi akaachia, akaikumbatia tairi kama anavyokumbatiwa mtoto.

Nyuma yangu Rokim akasema, "Dada, mpira unateleza. Siwezi kuushika na kuongea."

Nilikanyaga breki. Nilikanyaga klachi. Gia nikaitoa, nikaitikisa kuhakikisha iko huru, nikaitikisa tena.

"Mama Ngatini," nikasema, "mimi naliwasha."

Hakuinuka.

Nikageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Na kabla mguu wangu haujagusa mafuta, sauti ikaanza kupanda.

Ikapanda. Sukarji aliacha kuguna. Mbele ya bampa mama mkwe alijiziba masikio, tairi bado iko kifuani mwake. Mguu wangu haukuondoka kwenye breki, na sote tulikuwa tunasikiliza kama itashuka.